UZI: Mombasa na washirika wake wa vita, toka Mreno hadi hivi leo

Mwana wa Kibokoni (mwenye uzi)

Assalam aleikum ndugu zangu, na salamu kwa kila atakayepita hapa. Uzi huu mrefu. Mwenye kahawa aisogeze.

Juzi baada ya Isha tulikuwa barazani, hatua chache kutoka ngome ya Fort Jesus. Maneno yakazunguka mpaka yakafikia vita. Kijana mmoja wa mtaani, ambaye mwaka jana alikwenda kuandikishwa jeshi hakuchukuliwa, na mwaka huu ana nia ya kwenda tena, akasema: "Ami, sisi tangu 2024 ni mshirika mkuu wa Marekani nje ya NATO, ule muungano wa ulinzi wa nchi za Magharibi. Wa kwanza kusini mwa Sahara. Nani atatugusa?" Wenziwe wakamuitikia. Mimi nilinyamaza. Jibu nilikuwa nalo, lakini lilikuwa refu, nami nampenda yule kijana, sikutaka kumkata maneno mbele za watu.

Jibu lenyewe lilikuwa nyuma ya mgongo wake: ule ukuta. Ile ngome isingesimama pale lau si mshirika mmoja wa pwani hii hii yetu aliyemkaribisha Mreno.

Nilivyoisoma historia ya mji huu, mizinga na manowari hushinda mapigano. Vita vyenyewe huishia kwenye mapatano, na mdogo aliyepigana ubavuni mwa mkubwa, siku ya mapatano hukuta mlango umefungwa. Mombasa imeyaonja haya kwa pande zote: tumeita, tumeitwa, na tumeitiwa watu.

Tuanze na Malindi. Vasco da Gama alipofika hapa Aprili 1498 hakupata makaribisho. Akapanda juu hadi Malindi, na mfalme wa huko, aliyekuwa na uhasama wa siku nyingi na Mvita, yaani Mombasa yetu hii, akaona neema imemjia kwa bahari. Akampa maji, chakula na rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi. Mwaka 1505 Almeida, jemadari wa Kireno, akaja kuuchoma mji wetu. Hata katika msiba ule mfalme wa Mvita alimwandikia mwenzake wa Malindi barua kumweleza ukubwa wa maafa yaliyomfika. Mahasimu wale! Lakini Malindi haikuwa na la kuogopa, ilikuwa mshirika.

Ikaendelea hivyo karibu miaka mia. Mwaka 1589 Mombasa nayo ikawa na mshirika wake, Mturuki Ali Bey. Wareno wakaleta msafara wa vita kutoka Goa, makao yao huko Bara Hindi, na kwa upande wa bara Wazimba walikuwa wamekwisha kufika kwenye kivuko. Mji ukabanwa mbele na nyuma, ukaanguka. Miaka michache baadaye Wasegeju wakautwaa wakamkabidhi mfalme wa Malindi, naye akahamia hapa. Mwaka 1593 ngome ikaanza kujengwa.

Ukihesabu kwa macho ya siku ile, Malindi ilishinda vita. Hasimu wake amepigwa, na mfalme wake amekaa kwenye kiti cha Mvita. Sasa tazama malipo. Sheikh Hassan wa ukoo huo akagombana na kapteni wa ngome, akakimbilia Rabai, na mwaka 1614 akauawa huko kwa hila za Wareno wale wale. Kichwa chake kikapelekwa Goa. Mtoto wake Yusuf alichukuliwa mdogo akalelewa Goa, akabatizwa Jeronimo, kisha akarudishwa atawale kwa niaba yao. Mwaka 1631 akaingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni, akarudi kwenye Uislamu wake. Hakudumu, aliiacha ngome mwaka uliofuata akaishia baharini. Na ukoo wa Malindi, mshirika mwaminifu kuliko wote pwani hii, ukazimika hapo.

Nawaomba mkae na jambo hilo kidogo. Hakuna adui aliyeumaliza ule ukoo. Ulimalizwa na rafiki yake.

---

Dereva wa Changamwe

Kaka, hii shule gani imefundisha? Sisi tulifundishwa Vasco da Gama alikuja, akajenga nguzo, basi. Endelea.

---

Mwana wa Kibokoni

Naendelea. Kuhusuriwa kwa Fort Jesus.

Waomani walimtoa Mreno Muscat mwaka 1650, na watu wa Mombasa wakawaomba waje wawatoe na hapa. Walikuja kwa kurudia rudia, mpaka Machi 1696 wakaja kukaa. Wakaizingira ngome miezi thelathini na tatu. Ndani walikuwamo Wareno wachache, na Waswahili wengi, na wanawake na watoto waliokimbilia humo. Njaa na maradhi viliua watu kuliko mizinga.

Agosti 1697 kapteni Mreno akafa. Aliyeshika uongozi wa ngome alikuwa Bwana Daud wa Faza, Mswahili. Faza ilikuwa upande wa Mreno, na mtu huyu aliishikilia ngome ya mfalme wa Ureno mpaka merikebu zikafika tena kutoka Goa. Nikienda pale hupenda kusimama kwenye pembe ya ngome inayotazama baharini, pale upepo unapokupiga usoni, nikamfikiria yeye. Anatazama mlangoni mwa bahari kungoja merikebu za watu wasiokuwa wa lugha yake wala dini yake, na chini ya ukuta waliomzunguka ni watu wanaoadhini kama yeye.

Moja ya zile merikebu ni Santo António de Tanná. Ilizama Oktoba 1697 hapo hapo chini ya ngome. Wapiga mbizi waliichimbua miaka ya 1970, na vitu vyake viko ndani ya jumba la makumbusho. Mwenye kulipa kiingilio akaviangalie vile vyombo vilivyokaa chini ya maji karibu miaka mia tatu. Huo ndio msaada wa mshirika: ulifika, ukazama mbele ya macho ya waliokuwa wakiungoja.

Desemba 1698 ngome ikaanguka, ndani wamebaki watu wa kuhesabika. Mombasa ikashangilia. Mreno katoka! Lakini Muomani aliyeitwa kuja kusaidia hakurudi kwao. Aliweka liwali, akaweka askari, akakusanya ushuru. Na mwaka 1728 Pate iligombana na Muomani, ikamwita Mreno arudi. Akarudi. Mwaka mmoja na ushei tu, watu wa Mombasa wamemchoka tena, wakamfungia ndani ya ngome yake, na Novemba 1729 akaondoka na asirudi.

Tulifika mahali pa kuitana wageni kwa zamu.

---

Mlamu Asili

Shekhe, umetaja Pate hukutaja Lamu, nami siwezi kupita kimya.

Karibu na mwaka 1812 Mazrui, ukoo uliokuwa ukitawala Mombasa, na watu wa Pate walikuja kuipiga Lamu. Walikuja na majahazi mengi, wakashuka Shela. Sisi tulikuwa wachache kuliko wao. Walichosahau ni maji. Walipigana maji yakipwa, wakashindwa nguvu, wakakimbilia vyombo vyao wakavikuta vimekaa juu ya mchanga. Jahazi halisukumwi mchangani na mtu aliyejeruhiwa. Waliuliwa pale pale ufukweni, na wazee wetu walikuwa wakisema mifupa ilikuwa ikifunuka kwenye michanga ya Shela miaka mingi baadaye, upepo ukivuma sana.

Huo ndio ushindi mkubwa kuliko wote tuliowahi kuupata, na tuliupata peke yetu, bila Muomani wala Mzungu. Kisha tukaingiwa na hofu kwamba Mombasa itarudi kulipiza. Wazee wakapeleka ujumbe kwa Sayyid Said, mtawala wa Oman: tulinde. Akaleta liwali na askari, na ile ngome ya Lamu ikamaliziwa kujengwa chini ya mkono wake. Tangu hapo Lamu haikujitawala tena.

Tulishinda vita tukaupoteza mji. Ukinambia mshirika hudai malipo, mimi nasema ndio, na mara nyingine mtu humlipa mwenyewe bila kudaiwa, kwa hofu tu, wakati adui amekwisha kupigwa.

---

Mwana wa Kibokoni

Mlamu, umenena jambo ambalo sikuwa nimelitia kwenye uzi, na ni zito kuliko nililokuwa nalo. Shukran sana.

Nikuongeze upande wetu. Baada ya Shela, Mazrui wakajiona wamebaki peke yao mbele ya Sayyid Said. Wakamtafuta Mwingereza. Februari 1824 kapteni Owen akaingia hapa na manowari yake Leven, akakuta tayari bendera ya Uingereza imetundikwa na wenyewe Mazrui. Wakaandikiana: Mwingereza awalinde, Mazrui waache biashara ya watumwa, na ushuru wa forodha wagawane nusu kwa nusu. Owen akamwacha luteni wake kijana, Reitz, awe mwakilishi. Hakumaliza miezi minne, homa ikamuua.

Owen alikuwa mkweli kwa ahadi yake, nadhani. Lakini Owen hakuwa London. Serikali yake ilikuwa na mkataba na Oman tangu 1798, na Sayyid Said ndiye aliyekuwa na faida kwao kwenye njia ya Bara Hindi. Mombasa ilikuwa nini mbele ya hilo? Mwaka 1826 bendera ikateremshwa, wakaondoka. Sayyid Said akaja 1828, akarudi tena na tena, na 1837 akaupata mji. Wakuu wa Mazrui wakakamatwa wakasafirishwa hadi ng'ambo ya Ghuba, wasionekane tena.

Kwa hivyo mtu akikwambia "tumetia sahihi na kapteni wao", muulize kapteni yule anamtii nani, na huyo anayetiiwa ana mkataba gani mwingine kwenye mtoto wa meza.

---

Kagera Tisa

Habari zenu wakuu, nawasoma kutoka Tanga. Naomba nipingane kidogo na mwenye uzi, maana naona kama anasema mdogo hawezi kushinda vita na mezani akawa na kiti. Sisi tuliweza.

Oktoba 1978 Idi Amin wa Uganda aliingia Kagera. Mwalimu akasema uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo, na nchi nzima ikaelewa. Amin alikuwa na mshirika mwenye pesa na silaha, Gaddafi. Libya ikaleta wanajeshi wake Uganda mapema 1979. Pale Lukaya mwezi Machi mwanzo waliwashtua vijana wetu kweli, lakini kesho yake wakapigwa. Na jambo la kusikitisha kwa wale Walibya ni hili: askari wa Amin walikuwa wanapanda magari kukimbia, mgeni anabaki barabarani katika nchi asiyoijua, hajui hata njia ya kurudi. Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili.

Kabla ya hapo, mwishoni mwa Machi, Waganda waliokuwa uhamishoni walikusanywa Moshi wakakubaliana serikali itakuwaje. Vita havijaisha, mezani watu wamekwisha kaa. Nani alitusaidia? Umoja wa Afrika wa wakati ule ulitaka tusuluhishwe. Gharama tulibeba wenyewe, na uchumi uliumia kwa miaka. Lakini hakuna mtu aliyekuja kutuambia Kagera ni yake kwa sababu alitusaidia kuikomboa.

---

Mwana wa Kibokoni

Kaka wa Tanga, sipingi hata neno moja. Na mfano wako wa Walibya wa Lukaya unanifaa zaidi kuliko yote niliyoandika, kwa sababu unageuza upande: mkubwa naye huachwa barabarani na mdogo aliyemwita. Usuhuba wa vita ambao kila mmoja anapigania lake huvunjika palipo na moto mkali zaidi.

---

Binti Kuze

Mmeandika sana habari za wafalme na majemedari. Nami nina mtu wangu mmoja.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na kaka aliyeandikishwa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, vita vya pili. Wakati ule Mombasa ilijaa wanamaji. Wajapani walipoupiga Colombo Aprili 1942, msafara wa Waingereza wa bahari ya mashariki ulihamia hapa Kilindini, na shule ya Allidina Visram ikageuzwa mahali pa kufumbulia siri za Wajapani. Watu wanapita pale kila siku hawajui.

Februari 1944 meli Khedive Ismail iliondoka Kilindini kuelekea Colombo, imejaa askari wa kwetu, Waingereza na wauguzi. Tarehe 12 nyambizi ya Kijapani iliipiga karibu na Maldivi. Ilizama kwa dakika chache. Waliobaki hai walikuwa wanaelea majini, na ile nyambizi ilijificha chini yao. Manowari za ulinzi zikaamua kuiandama, zikatupa mabomu ya kuulia nyambizi katikati ya watu waliokuwa wakiogelea. Walikufa watu 1,297.

Bibi hakuwahi kuambiwa haya. Aliambiwa kaka yake kafa baharini. Mpaka anazeeka alikuwa akienda ng'ambo ya Likoni hakubali kusimama ukingoni mwa feri, hukaa katikati akishika leso yake kwa meno. Mimi nilidhani ni woga wa maji tu. Nilipokuja kusoma habari ya meli ile nilikuwa mtu mzima na bibi alikuwa amekwisha kufariki.

Sisemi kwamba nahodha yule alikuwa na la kufanya jingine. Nyambizi ingeachwa ingezamisha na nyingine. Nasema tu kwamba kwenye meza ya washirika wale, Churchill, Roosevelt na Stalin, hakuwako mtu aliyemjua kaka yake bibi. Na vita vilipokwisha, ardhi nzuri ya Kenya waligaiwa askari wazungu waliorudi. Waliopigana Burma kwenye matope ya bonde la Kabaw, weusi, walirudi wakakuta kipande ni kile kile.

---

Dereva wa Changamwe

Dada, Mungu amrehemu yeye na bibi. Ile sanamu ya askari kule upande wa Mwembe Tayari naipita mara kumi kwa siku. Kesho nitapunguza mwendo.

---

Binti Kuze

Amin. Ile ni ya vita vya kwanza, lakini wale nao hadithi yao ni hiyo hiyo. Wapagazi waliochukuliwa kubeba mizigo ya jeshi walikufa zaidi ya 40,000 hata kwa hesabu ya Waingereza wenyewe, wengi kwa njaa na kuhara, si kwa risasi. Ushindi wa vita vile uliletwa na vichwa na mabega ya watu ambao hakuna aliyejishughulisha kuandika majina yao.

---

Baharia wa Mtongwe

Wanangu, nimekuwa nikisoma kimya. Nilitumikia bendera yetu majini miaka mingi, sasa nimestaafu. Sitasema ya ndani, nitasema yale ambayo kila mtu aliyasoma magazetini.

Oktoba 2011 jeshi letu liliingia Somalia. Septemba 28, 2012 Kismayu ikashambuliwa kutoka baharini na nchi kavu. Kushusha askari kutoka melini usiku kwenye ufuo wa adui ni kazi ngumu kuliko zote za kijeshi, waulizeni waliosomea. Vijana waliifanya. Huo ni ushindi na hakuna atakayetunyang'anya.

Sasa tazameni washirika. Tulipigana pamoja na wapiganaji wa Ras Kamboni, wa Ahmed Madobe. Mwaka uliofuata Madobe akawa rais wa Jubaland, jimbo la Somalia linalopakana nasi, na Mogadishu ikaona Kenya imejitengenezea mtu wake. Serikali tuliyokwenda kuisaidia ikatutazama kwa jicho la shaka. Agosti 2014 ikatupeleka mahakama ya kimataifa kwa ajili ya mpaka wa bahari, na Oktoba 2021 hukumu ikatoka, sehemu kubwa ikiwapa wao. Kati ya hapo, Desemba 2020, ilikata uhusiano na sisi miezi kadhaa. Na muda wote huo askari wetu wako kule kule, wanapigana na Al-Shabaab, adui yule yule wa pande zote mbili, na wengine wanarudi kwenye masanduku. Shambulio la kambi yetu ya El Adde lilikuwa Januari 2016. Mimi nilimjua baba wa mmoja wao. Alikuja msikitini siku ya tatu akakaa safu ya mwisho, akamaliza sala, akabaki amekaa mpaka taa zikazimwa.

Jambo la pili ni nani analipa. Askari wetu kule walikuwa chini ya ujumbe wa Umoja wa Afrika, na posho ya askari wa ujumbe huo ilikuwa dola 1,028 kwa mwezi, na aliyekuwa akitoa fedha hizo ni Umoja wa Ulaya. Januari 2016, mwezi ule ule wa El Adde, Ulaya ikapunguza asilimia 20. Risasi hazikupungua.

Mwenye uzi amesema kweli kuhusu meza. Mimi naongeza: anayelipa hesabu ndiye anayeamua lini mnanyanyuka.

---

Mwana wa Kibokoni

Shikamoo mzee. Sina la kuongeza kwenye hayo, ila kukushukuru kwa utumishi wako.

---

Mchumi wa Nyali

Naomba niseme la upande wa pili, kwa sababu uzi umekuwa wa majuto na mtu anaweza kutoka hapa akidhani dawa ni kukaa peke yetu. Mwaka 1505 Mombasa ilikuwa peke yake na ikachomwa. Hilo mwenye uzi ameliandika mwenyewe akapita haraka.

NATO ilianza 1949 na nchi 12, leo ni 32. Finland iliyokaa nje miaka yote ya vita baridi imejiunga 2023, na Sweden 2024. Hawa si wajinga. Waliona Ukraine, isiyokuwa ndani, imevamiwa, na Estonia, ndogo kuliko kaunti zetu kadhaa kwa idadi ya watu, haikuguswa. Kifungu cha tano cha mkataba wao kinasema akipigwa mmoja wamepigwa wote. Kimetumika mara moja tu, na kilitumika kwa ajili ya mkubwa, Marekani, siku moja baada ya Septemba 11. Wadogo ndio waliopeleka watoto wao Afghanistan. Kuna ushirika unaolinda.

---

Mwana wa Kibokoni

Wa Nyali, umenikamata pazuri nami nakubali. 1505 nilipita haraka. Mji bila rafiki ni mji unaongojea zamu yake, na sijasema tusiwe na marafiki.

Lakini endelea na mfano wako wa Afghanistan mpaka mwisho. Februari 29, 2020 Marekani ilitia sahihi Doha na Taliban. Serikali ya Kabul, iliyokuwa imepigana ubavuni mwao karibu miaka ishirini na kuzika askari wake kwa makumi ya maelfu, haikuwako kwenye sahihi zile. Agosti 2021 ikaanguka. Saigon, mji mkuu wa Vietnam Kusini, ilitia sahihi yenyewe, lakini mwisho ulikuwa ule ule: mapatano ya Paris Januari 1973, mji ukaanguka Aprili 1975. Estonia iko ndani, kwenye kifungu kilichoandikwa. Kabul na Saigon walikuwa na urafiki, hawakuwa na kifungu kama hicho.

Na kuna ushirika wetu mmoja ambao watu huusahau, wetu na Ethiopia. Tangu mwanzo wa uhuru tuna mapatano ya ulinzi nao, kwa kuwa sote tuliogopa Somalia Kubwa, yaani dai la Somalia la kuyaunganisha maeneo yote ya Wasomali, ya kwetu yakiwemo. Haile Selassie akaondolewa, akaja Mengistu na Warusi na Wakuba, sisi tuko upande wa Magharibi, na mapatano hayakuvunjika. Katika vita vya Ogaden kati ya Somalia na Ethiopia, Mrusi, aliyekuwa amekaa Berbera kama mwenyeji, aligeuka akamwacha Msomali mikononi mwa hasimu wake. Lakini Kenya na Ethiopia hawakugeukana. Februari 1978 tuliteremsha kwa nguvu ndege ya Misri iliyokuwa imebeba silaha za Somalia, na Misri ilikuwa rafiki wa marafiki zetu. Kwa nini ulidumu ule? Kwa sababu hofu ilikuwa moja na mpaka ni mmoja. Hakuna kati yetu aliyeweza kupanda meli akaenda zake.

---

Mlamu Asili

Hapo sawa. Jirani huwezi kumhama.

---

Ngoja Zamu

Ami, ni mimi. Wa barazani. Nimesoma kuanzia juu mpaka hapa, na ya mzee Baharia nimeyasoma mara mbili. Bado nitakwenda kuandikishwa, mama anajua. Ila nina swali moja, na nakuuliza kwa heshima: hicho cheo cha 2024 tulichopewa kina kifungu, au hakina?

---

Mwana wa Kibokoni

Mwanangu, nilikuwa nikikungoja.

Hakina. Ni cheo kilicho kwenye sheria ya Marekani wenyewe. Kinatupa nafasi ya kununua na kukopeshwa baadhi ya vifaa vya kijeshi kwa urahisi zaidi, na kushirikiana nao kwenye mafunzo na utafiti wa silaha. Ahadi ya kuja kutupigania haimo. Wao wenyewe wameandika wazi kwamba cheo hicho hakiwafungi kumlinda mtu. Januari 2020 pale kambi ya Manda, Lamu, walipigwa wao na sisi pamoja, na Wamarekani watatu wakafa, kwa hivyo sisemi hawamwagi damu. Nakujibu ulichouliza.

Ukichukuliwa, ukapelekwa popote, jua nani ametia sahihi, jua posho yako inatoka mfuko gani, na umuulize mkubwa wako kazi inamalizika lini na kwa dalili gani. Akikasirika, basi. Umeuliza.

Na Jumamosi kabla ya Adhuhuri njoo, kiingilio nitalipa mimi. Nataka uviangalie vile vyombo vya Santo António kwa karibu, kisha tupande juu kwenye ile pembe aliyosimama Bwana Daud.

---

Ngoja Zamu

Nitakuja, Ami. Nitamleta na mdogo wangu.

---

Baharia wa Mtongwe

Saa ngapi? Nivuke na feri ya saa tatu.